Kilo mbili za nyama zina uzito gani?

Nenda buchani uombe kilo mbili za nyama. Muuzaji atakata, ataitupia kwenye mizani, ataongeza na kipande cha mfupa ambacho hukukiomba, kisha atakuhakikishia kuwa uzito umetimia: kilo mbili. Jioni hiyohiyo mwanao wa kidato cha pili anarudi kutoka shule akiwa amenuna. Kwenye jaribio aliulizwa uzito wa mzigo fulani, akajibu "kilo 2", akakoseshwa. Mwalimu alitaka "nyutoni 19.6".

Mtoto ana haki ya kununa. Katika Kiswahili cha kila siku neno uzito limebebeshwa kazi mbili, na fizikia inataka zitenganishwe. Kazi ya kwanza ni kutaja kitu kina maada kiasi gani ndani yake. Hiyo wataalamu wetu wameipa jina tungamo, wengine husema masi, na kipimo chake ni kilo. Kazi ya pili ni kutaja dunia inakivuta kitu hicho kwa nguvu kiasi gani. Hiyo ndiyo iliyoachiwa jina uzito, na kwa kuwa ni nguvu, au kani kama vitabu vinavyopenda kuiita, hupimwa kwa nyutoni. Ipeleke ile nyama mwezini: tungamo lake litabaki kilo mbili na supu itatoka ileile, ila uzito wake utashuka kutoka nyutoni 19.6 hadi kama 3.2.

Kichekesho ni kwamba muuza nyama anaweza kuwa sahihi kuliko anavyojua. Inategemea mizani yake. Kama ni ile ya zamani ya sahani mbili, huku nyama na huku mawe, basi anacholinganisha ni tungamo kwa tungamo. Mwezini uvutano ungepungua kwa sahani zote mbili sawasawa, na mizani ingekaa vilevile. Kama ni ya kuning'iniza, yenye uso kama wa saa na springi ndani, hiyo kilo haizijui. Inachojua ni springi imevutwa kiasi gani, yaani nyutoni, halafu kiwandani wakachapa namba za kilo juu yake wakijua itatumika hapa duniani. Za kidijitali nazo kwa ndani zinapima kani. Na kilo yenyewe, kwa taarifa yako, hadi mwaka 2019 ilikuwa jiwe la mizani kwelikweli: kipande cha platinamu na iridiamu kilichofungiwa Sèvres, karibu na Paris, na mawe ya mizani ya ulimwengu mzima yalikuwa watoto na wajukuu zake.

Tungamo linajionesha wazi zaidi mahali ambapo uvutano haukusaidii wala haukuzuii. Chukua mkokoteni wenye mifuko sita ya saruji kwenye barabara tambarare. Hakuna anayeinua saruji hapo, kwa hiyo hakuna anayeshindana na uvutano. Hata hivyo kila aliyewahi kusukuma mkokoteni anajua kuwa kuung'oa pale uliposimama ni kazi kuliko kuuendeleza ukishashika mwendo, na kuusimamisha ukishashika mwendo ni kazi nyingine inayoweza kumvunja mtu mguu. Ule ubishi wa kukataa kubadilishiwa mwendo ndio tungamo. Kitu kikiwa kimesimama kinataka kuendelea kusimama. Kikiwa kinakwenda kinataka kuendelea kwenda, kwa kasi ileile na kwa mstari uleule. Daladala ikifunga breki ghafla, abiria waliosimama hawasukumwi mbele na yeyote. Gari limesimama, wao bado wako safarini.

Mwaka 1687 Isaac Newton aliuingiza ubishi huo kwenye hesabu: kani ni tungamo mara mchapuko. Mchapuko ni kiasi ambacho kasi inabadilika kila sekunde, iwe inapanda, inashuka, au inageuzwa uelekeo. Tuseme mkokoteni na mzigo wake ni kilo 400, na vijana wanaousukuma wamebakiwa na nyutoni 200 baada ya msuguano wa magurudumu kuchukua zake. Gawanya 200 kwa 400: kila sekunde inayopita, kasi inaongezeka nusu mita kwa sekunde. Baada ya sekunde 4 mkokoteni unakwenda mita 2 kwa sekunde, mwendo wa mtu mwenye haraka zake. Punguza tungamo lifike kilo 200, na msukumo uleule utaleta mchapuko mara mbili.

Angalia vizuri kilichosemwa hapo. Kani haileti kasi. Inaleta badiliko la kasi. Kwa karibu miaka elfu mbili, tangu Aristotle, wenye akili zao waliamini kinyume chake, kwamba kitu huenda kwa sababu kinasukumwa na kikiachwa husimama. Hawakuwa wajinga. Walidanganywa na msuguano, ambao upo kila mahali na hauonekani. Vijana wa mkokoteni wanaendelea kusukuma hata kasi ikiwa haibadiliki kwa sababu msuguano nao unaendelea kula.

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe, ambalo nimeona likiwatesa hata watu waliofaulu mtihani. Ndoo ya maji ya lita 20 imekaa sakafuni. Haiendi popote, kwa hiyo mchapuko wake ni sifuri. Kilo 20 mara sifuri ni sifuri. Mbona basi tunaambiwa uzito wake ni 20 mara 9.8, yaani nyutoni 196? Hiyo 9.8 si ndiyo mchapuko wa uvutano? Mchapuko gani, na ndoo imetulia?

Anayeuliza hivyo ameelewa zaidi ya anayekariri. Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, kani inayotajwa kwenye kanuni ya Newton ni salio. Dunia inaivuta ndoo kwenda chini kwa nyutoni 196, sakafu inaisukuma kwenda juu kwa nyutoni 196, ukitoa hili kwa lile hakibaki kitu. Salio ni sifuri, mchapuko ni sifuri, na bado kani mbili zipo pale zinashindana. Muulize aliyewekewa hiyo ndoo kichwani. Akaunti isiyo na shilingi si lazima iwe akaunti ambayo hazikupita fedha.

Pili, ile 9.8 ni afadhali uisome kama bei: kila kilo moja, hapa duniani, inavutwa kwa nyutoni 9.8. Kilo 20 zinavutwa kwa nyutoni 196, ziwe zinaanguka, zimekaa, au zinapanda ghorofani. Namba hiyo inageuka kuwa mchapuko pale tu kitu kinapoachiliwa na kubakiwa na uvutano peke yake, bila sakafu wala kamba wala hewa ya kukizuia. Vitabu vingi vinaanza na jina la mchapuko, ndiyo maana watu wanapotea.

Kisima kinafundisha hesabu hii vizuri kuliko ubao. Ukiishikilia ndoo ikiwa imening'inia tu, kamba inabeba nyutoni 196. Ukiivuta juu kwa mwendo mmoja usiobadilika, kamba bado inabeba 196 zilezile, jambo ambalo wengi hawaliamini mara ya kwanza: kupanda kwa kasi isiyobadilika hakudai kani zaidi ya kutulia. Lakini ukiistua, tuseme kwa mchapuko wa mita 5 kwa sekunde kila sekunde, unatakiwa ulipe uzito na ulipe ubishi wa tungamo juu yake, 196 na 100, jumla nyutoni 296. Ndiyo maana kamba chakavu iliyovumilia wiki nzima mikononi mwa bibi hukatika siku kijana mwenye pupa anapokwenda kuteka maji.

Hebu tuachilie vitu vianguke. Nazi ya kilo 2 inavutwa kwa nyutoni 19.6, embe la robo kilo linavutwa kwa 2.45. Nazi inavutwa mara nane zaidi, basi akili inasema itafika chini kwanza. Lakini nazi pia ni kaidi mara nane zaidi. Gawanya 19.6 kwa 2 unapata 9.8, gawanya 2.45 kwa robo unapata 9.8. Tungamo limeingia mara mbili kwenye hesabu, mara moja kama kinachovutwa na mara moja kama kinachobisha, na limejifuta lenyewe.

Galileo alifikia hapo bila hesabu hiyo, kwa hoja iliyochapwa mwaka 1638 ambayo mtu anaweza kuisimulia kibarazani. Tuseme jiwe zito huanguka haraka na jepesi polepole. Yafunge pamoja kwa kamba. Jiwe jepesi litamchelewesha mwenzake, kwa hiyo yatakwenda polepole kuliko zito likiwa peke yake. Lakini yakifungwa pamoja ni mzigo mzito zaidi ya jiwe zito, kwa hiyo yangepaswa kwenda haraka zaidi. Hayawezi kuwa yote mawili. Njia pekee ya kutoka ni kukubali kuwa yote huanguka sawa, na hewa ndiyo inayotuvurugia. Agosti 1971, mwanaanga David Scott wa Apollo 15 alisimama mwezini, ambako hewa hakuna, akaachia nyundo kwa mkono mmoja na unyoya wa kozi kwa mkono mwingine mbele ya kamera. Vikatua pamoja.

Kama vyote huanguka sawa, kwa nini nazi inaua na embe halikuui? Watu huuliza "nazi inaanguka kwa nguvu kiasi gani?" na swali hilo, lilivyoulizwa, halina jibu. Ikiwa hewani nazi inavutwa kwa nyutoni 19.6, basi, sawa na ilipokuwa bado mnazini. Haijajikusanyia kani njiani. Ilichokusanya ni kasi: kutoka mita 20 juu itatumia kama sekunde mbili, na tukiipuuza hewa itafika chini ikiwa karibu kilomita 70 kwa saa. Kani kubwa inazaliwa pale kasi hiyo inapolazimishwa kufika sifuri, na ukubwa wake unategemea imepewa nafasi kiasi gani ya kusimama. Ikizama sentimita 10 mchangani, mchanga unalazimika kuisukuma kwa wastani wa nyutoni 3,900 hivi, sawa na uzito wa kilo 400. Ikipata sentimita moja tu juu ya kitu kigumu, kani inakuwa mara kumi, uzito wa tani nne. Nazi ileile, mnazi uleule. Sponji iliyo ndani ya helmeti ya bodaboda inafanya kazi hiyohiyo ya mchanga: kuongeza sentimita chache za kusimamia.

Na mvua? Tone likidondoka kutoka kilomita 2 bila hewa lingetufikia kwa kasi ya zaidi ya kilomita 700 kwa saa, na hakuna bati ambalo lingebaki. Kinachotuokoa ni kwamba ukinzani wa hewa unakua kadiri kasi inavyokua, hadi unalingana na uzito wa tone. Hapo salio ni sifuri, mchapuko unakoma, na tone kubwa linamalizia safari yake kwa kama mita 9 kwa sekunde, bila kuongeza wala kupunguza. Anayesema "mchapuko sifuri, kani sifuri, kwa hiyo halitanigonga" atalowa kama wengine.

Nilisema 9.8 ni bei, na bei hutofautiana sokoni. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu, yaani inayohesabu muda kwa fimbo inayobembea, Cayenne, Guyana ya Ufaransa, karibu na ikweta. Saa iliyokwenda sawasawa Paris ilianza kuchelewa kama dakika mbili na nusu kila siku, na ilibidi afupishe pendulamu kwa chini ya milimita 3 ili irudi kwenye mstari. Wengine walidhani ni joto limerefusha chuma. Newton aliona jambo jingine: uvutano wa pale ulikuwa dhaifu kidogo. Dunia inazunguka, na mzunguko huo, ambao kwenye ikweta ni kama kilomita 1,670 kwa saa, unakula sehemu ndogo ya uzito wako. Tena mzunguko huohuo umeitunisha dunia kiunoni, kiasi kwamba aliye kwenye ikweta yuko kilomita 21 mbali zaidi na kiini chake kuliko aliye kwenye ncha. Matokeo yake ni 9.78 kwetu na 9.83 kule kwenye barafu.

Pale Nanyuki, kwenye mstari wa ikweta, watalii huoneshwa maji yakizunguka kulia upande mmoja wa mstari na kushoto upande wa pili. Ni kiini macho kizuri. Athari ya mzunguko wa dunia kwenye beseni ni ndogo mno kuonekana hatua chache kutoka mstarini. Ajabu ya kweli ya mahali hapo haina mchezaji: mtalii wa kilo 70, akiwa na mizani ya springi iliyorekebishwa kwenye ncha ya dunia, angejikuta amepungua zaidi ya theluthi moja ya kilo bila kufunga hata siku moja. Mizani ya kidijitali iliyorekebishwa Oslo, ambako bei ni 9.82, ikiletwa Nairobi bila kurekebishwa upya itamwibia mwenye kilo 10 za dhahabu kama gramu 40. Ya sahani mbili isingemwibia.

Kuna waliogeuza udhaifu huo wa ikweta kuwa faida. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka ikweta inapewa bure ule mwendo wa kilomita 1,670 kwa saa. Ndiyo sababu Waitalia walijenga jukwaa la kurushia baharini, kwenye pwani ya Kenya karibu na Malindi, na ndipo tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru, iliporushwa setilaiti ya kwanza maalumu kwa kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Ilibatizwa jina la Uhuru.

Setilaiti hizo zinatuleta kwenye kosa moja kubwa, kwamba huko juu uvutano umekwisha. Kituo cha anga cha kimataifa kiko kama kilomita 400 kutoka ardhini, ambao ni umbali wa Dar es Salaam hadi Dodoma ukinyoosha kamba. Kwa umbali huo bei ya uvutano ni nyutoni 8.7 kwa kilo. Imeshuka kidogo tu. Wanaanga wanaelea kwa sababu wanaanguka, wao na kituo chao pamoja, kwa mchapuko mmoja kama nyundo na unyoya. Hawafiki chini kwa sababu wanakwenda pia pembeni, karibu kilomita 7.7 kila sekunde, na kila wanaposhuka, ardhi iliyo duara nayo imejikunja ikawakwepa. Kila aliyepanda lifti ameionja hali hiyo: inapoanza kushuka, kwa nusu sekunde tumbo hupanda na miguu huwa myepesi. Uvutano haujabadilika hata chembe. Sakafu ndiyo imelegeza msukumo wake, na huo msukumo ndio tunaousikia mwilini tukadhani tunasikia uzito.

Mwaka 1907 Albert Einstein alikuwa ofisini mjini Bern alipowaza kuwa mtu anayeanguka kutoka kwenye paa hausikii uzito wake. Alilichukua kwa uzito, samahani, neno hilo haliepukiki, lile jambo la tungamo kujifuta. Kwa Newton ilikuwa kama sadfa: hakuna kinacholazimisha kiasi cha kuvutwa kilingane na kiasi cha kubisha, ni vipimo viwili tofauti vilivyotokea kuwa sawa. Einstein alikataa sadfa hiyo, na ndani ya miaka minane alikuwa na nadharia ambamo uvutano ni umbo la nafasi na wakati, kwa hiyo kitu chochote, kizito kwa chepesi, hufuata njia ileile. Watu wanaendelea kuikagua. Setilaiti ya Kifaransa iliyorushwa 2016 ililinganisha uangukaji wa platinamu na titaniamu, na haikuona tofauti hata kwa usahihi wa sehemu chache katika milioni bilioni.

Turudi buchani, ila safari hii bucha liko huko juu kwenye kituo cha anga. Mizani ya springi inasoma sifuri, kwa kuwa nyama na mizani vinaanguka pamoja. Ya sahani mbili nayo imekufa. Sahani hazina kinachozivuta kutofautiana. Lakini nyama bado ni kaidi, ubishi wake haukubaki duniani. Tangu kituo cha Skylab mwaka 1973, wanaanga hupimwa hivyohivyo: mtu anajifunga kwenye kiti chenye springi, kinaachiliwa kicheze mbele na nyuma, na saa inahesabu. Aliyenenepa hucheza polepole zaidi. Muuza nyama wetu angefunga mnofu wako kwenye springi, akautikisa, akahesabu mitikisiko, na kilo mbili zingetoka sawasawa, mfupa ukiwa humohumo.